Kubadilisha Gari la Spoti Kitengela: Hesabu Tatu Kabla ya Kupokea Ufunguo

Swali hili haliishi. Linatoka mitaa ya Milimani na Acacia, linatoka Isinya, linatoka Kajiado mjini, na kila mara ni lilelile: "Nina Subaru Impreza WRX ya zamani. Yadi wameniambia niilete, niongeze pesa kidogo, niondoke na Toyota 86 au Mercedes C200 ya milango miwili. Nikubali?" Wengine wana Celica, wengine Mazda RX-8, wengine Lancer Evolution iliyopitia mikono mitano.

Jibu langu fupi: usikubali wala usikatae mpaka utenganishe hesabu tatu ambazo muuzaji angependa zibaki zimechanganyika.

1. Thamani ya gari lako leo.
2. Bei halisi ya gari lake.
3. Gharama ya kuliendesha hilo jipya kwa mwaka mmoja kwenye barabara ya kwenu.

Ukiambiwa "ongeza laki nane tu", hujaambiwa bei yoyote. Laki nane inaweza kuwa nafuu au wizi, na huwezi kujua mpaka namba hizo tatu ziandikwe kwenye karatasi, kila moja na mstari wake.

## Kwanza, kwa nini unaliacha?

Sababu nzuri zipo:

- Spea zimekuwa za kutafutwa kwa wiki kadhaa na gari linalala kwa fundi zaidi kuliko kwako.
- Kampuni ya bima imekataa kutoa bima kamili kwa sababu ya umri wake.
- Unasafiri kila siku kwenda Nairobi na unataka mifuko ya hewa inayofanya kazi, breki za kisasa na kiyoyozi.

Sababu mbaya nazo zipo. Gari linalopata moto kupita kiasi na hujui kwa nini, litengeneze kwanza ujue ugonjwa. Huenda ni rejeta iliyoziba kwa vumbi tu. Jirani kununua gari jipya pia si sababu.

Kabla ya kuamua, fahamu jambo moja la kisheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa 2026, hiyo ina maana gari lililosajiliwa 2019 au baadaye, na usukani uwe upande wa kulia. Kwa hiyo Impreza ya 2003 au Celica ya 1996 ukishaiuza, huwezi kuagiza nyingine kutoka Japani. Ukijuta, utaitafuta humuhumu nchini, kwa bei ya mwenye nayo.

Na magari haya yana wapenzi wake. Ian Duncan alishinda Safari Rally ya 1994 kwa Celica. Colin McRae akaichukua 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akaichukua tena kwa Impreza mwaka 2000. Watu walioyaona yakipita wakiwa watoto sasa wana pesa. Lakini wanatafuta gari lililobaki lilivyotoka kiwandani, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka.

## Hesabu ya kwanza: gari lako lina thamani gani?

Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Nyoosha karatasi. Ingia kwenye akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen uone gari liko kwa jina la nani. Kama bado liko kwa jina la aliyekuuzia, mtafute leo, kabla hujaongea na yadi. Kama ulilichukulia mkopo, hakikisha jina la benki limeondolewa. Kumaliza kulipa si sawa na kuondolewa jina.
2. Lipeleke kwa mthamini asiyenunua wala kuuza magari. AA Kenya hufanya kazi hii, na wapo wathamini wengine wanaokubalika na kampuni za bima. Ripoti iliyo mkononi mwako hukata maneno mengi.
3. Omba bei mbili kutoka yadi ileile. Uliza: "Mkinunua hili langu leo kwa pesa taslimu, bila mimi kuchukua lenu, mnanipa ngapi?" Kisha: "Nikilileta kubadilisha, mnalihesabu kwa ngapi?" Tofauti ya majibu hayo itakuonyesha bei ya gari lao imepandishwa kiasi gani.
4. Zungumza na wanunuzi wa kweli angalau watatu. Bei inayotangazwa ni ndoto ya muuzaji. Bei ya soko ni ile ambayo mtu yuko tayari kuitoa leo.
5. Rudisha vifaa vya asili. Kama ulitoa bomba la moshi la kiwandani, rimu au kompyuta ya injini, virudishe au uviweke kwenye buti viende na gari.

"Lakini nimeweka turbo kubwa na rimu za laki mbili!" Najua. Pesa hiyo ulikula raha yake, na raha haina risiti ya kurudishiwa. Mnunuzi makini akiona turbo isiyo ya kiwandani hafikirii mbio, anafikiria pistoni. Uza rimu zako peke yake kwa mtu anayezitaka, rudishia za zamani, kisha uuze gari.

Kosa la kawaida: kupaka rangi mpya wiki moja kabla ya kuuza. Rangi mbichi humfanya mnunuzi aulize kilichofichwa chini yake. Lioshe, badilisha oili, rekebisha taa zisizowaka, uache mikwaruzo midogo ionekane.

## Uuze mwenyewe, au uliache yadini?

Yadi lazima ipate faida mara mbili: kwenye lako na kwenye lake. Hilo si dhambi, ni biashara. Swali ni kama usumbufu unaouepuka una thamani ya tofauti hiyo.

Tuseme mthamini amesema gari lako ni 900,000, wanunuzi wa kweli wamefika 820,000, na yadi inasema 650,000. Pengo ni 170,000. Ukiweza kuliuza mwenyewe kwa miezi miwili bila kufa njaa, subiri. Kama yadi imefika 780,000, chukua ya yadi. Elfu arobaini huishia kwa madalali, mafuta ya watu wa kujaribu gari, na Jumamosi zako unazokaa ukimngoja mtu aliyesema "niko njiani".

Usikubali kamwe mpango wa tatu, ule wa kuliacha gari yadini "tukuuzie" huku umeshachukua lao. Hapo umelipa, umelikabidhi la kwako, na huna ahadi yoyote ya tarehe.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi, na ukiyajua mapema hayatakuyumbisha:

"Mkubwa, hii yako ni ya zamani, lakini kwa sababu ni wewe, ongeza laki nane tu tufunge kazi."

"Asante, ndugu yangu. Niandikie hapa bei ya hili lako peke yake."

"Sasa boss, si tunabadilishana? Ya nini hesabu nyingi?"

"Niandikie tu. Halafu chini yake uandike ya langu."

Asiyetaka kuandika amekujibu. Mshukuru, ondoka.

## Hesabu ya pili: bei halisi ya gari jipya

Uwe unaagiza mwenyewe au unanunua lililoko yadini, ushuru ndio unaobeba bei. KRA haitazami risiti yako ya Japani. Inaanza na orodha yake ya bei za magari, CRSP, kisha inatoa punguzo la uchakavu kulingana na umri. Thamani inayobaki ndiyo inayotozwa kodi, moja juu ya nyingine.

Chukua gari ambalo KRA imelithamini 1,000,000, lenye injini ya sisi (cc) 1998:

- Ushuru wa forodha, asilimia 35: 350,000
- Ushuru wa bidhaa, asilimia 25 ya 1,350,000: 337,500
- VAT, asilimia 16 ya 1,687,500: 270,000
- Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5: 25,000
- Tozo ya reli, asilimia 2: 20,000

Jumla ni 1,002,500. Yaani kodi imelingana na thamani ya gari lenyewe. Viwango hivi hubadilishwa na sheria za fedha, kwa hiyo vihakikishe kwa wakala wa forodha siku unayolipa, si mwezi uliopita.

Sasa tazama ukubwa wa injini. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1500, asilimia 25 kwa inayozidi hapo, na asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi sisi 3000. Kwa thamani ileile ya milioni moja, injini ndogo inalipa jumla ya 924,200, na kubwa ya juu ya 3000 inalipa 1,159,100. Usisahau kuongeza nauli ya meli, gharama za bandari Mombasa, wakala, namba za usajili na kulileta gari mpaka Kitengela.

### Yanayoulizwa sana, na la kuangalia kwa kila moja

- Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ. Injini ya sisi 1998, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Aliyetoka kwenye Impreza atalizoea haraka, kwa kuwa injini ni ya Subaru. Ukinunua la ndani ya nchi lililoundwa 2012 au 2013, uliza kwa maandishi kama lilifanyiwa marekebisho ya springi za valvu ambayo kiwanda kiliyaitia magari hayo mwaka 2018.
- Mercedes C200 ya milango miwili. Kuanzia toleo lililoboreshwa 2018, injini yake ni ya sisi 1497, kwa hiyo inaingia kwenye daraja la asilimia 20. Lakini ina mfumo wa umeme wa volti 48. Kabla ya kununua, tafuta fundi mwenye mashine ya kuusoma. Na angalia kama imewekewa springi za hewa badala ya za chuma. Zikipasuka, bei yake itakutoa jasho.
- BMW 420i. Sisi 1998. Za 2016 kwenda mbele zina injini mpya kuliko zile za mwanzo, ambazo mnyororo wa taimingi wake ulikuwa na sifa mbaya. Mara nyingi haina gurudumu la akiba.
- Nissan Fairlady Z ya toleo la Z34 na Ford Mustang ya V8. Zote ziko juu ya sisi 3000. Raha ipo, na kodi ipo, na mafuta yapo. Kama bajeti inabana, usiende kuziangalia.

## Hesabu ya tatu: barabara ya kwenu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu gari hujaribiwa kwenye lami ya yadi na kuishi kwenye udongo wa nyumbani.

Udongo mweusi. Kitengela imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, barabara za ndani hugeuka ulimbo. Impreza WRX yako inasukuma magurudumu yote manne. 86, C200 na 420i nyingi husukuma ya nyuma mawili tu, tena kwa tairi pana zisizo na meno. Kilima kidogo cha kuingilia getini ambacho Impreza ilikipanda huku ukiongea na simu kinaweza kukulaza nje. Kama kutoka lami hadi kwako kuna udongo mtupu, una njia tatu: utafute ya kusukuma magurudumu manne, ambazo ni chache na ghali, uwe na mahali pa kuliegesha karibu na lami, au usibadilishe.

Matuta. Toyota 86 iko takriban sentimita 13 tu kutoka ardhini. Chukua futi ya fundi, tembea kutoka getini kwako hadi Namanga Road, upime matuta yote, hasa yale ya kujengewa na wakazi. Usitazame urefu peke yake. Tuta fupi lenye ncha ni hatari kuliko refu lililolala, kwa sababu tumbo la gari ndilo linalokwama. Ukiona mistari myeupe ya kukwaruzwa juu ya tuta, ujue ni sampu na bampa za waliokutangulia.

Vumbi. Kiangazi, chujio la hewa halisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Lifungue kila unapobadilisha oili, na mara moja katikati.

Mafuta. Magari haya mengi yaliundwa kwa petroli ya oktani ya juu, na ya Japani huuzwa kwa oktani 96 kwenda juu. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Soma kibandiko kilicho ndani ya mfuniko wa tangi, na kama linataka ya juu, weka kwenye bajeti bei ya petroli bora kama Shell V-Power. Turbo inayogonga kwa mafuta hafifu hufa polepole bila kulalamika.

Tairi. Tairi za kukimbia bila upepo, ambazo BMW hupenda, hukufikisha kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Kutoka Namanga hadi Kitengela ni mbali zaidi ya hapo. Nunua gurudumu la akiba, jeki na pampu kabla ya safari ya kwanza.

Bima. Omba bei ya bima kamili kwa gari hilo mahususi kabla ya kulipia gari, si baada. Uliza mambo manne: kiasi utakachojilipia mwenyewe ajali ikitokea, kikomo cha kioo cha mbele, kama nyongeza ya machafuko imo, na kama dereva mwenye umri mdogo anakubaliwa. Kila ulichobadilisha kwenye gari kitaje kwa maandishi. Ukikificha, utakikuta siku ya kudai fidia.

Jumlisha mafuta ya mwaka, bima, huduma nne za oili, seti moja ya tairi na akiba ya matengenezo. Kama jumla hiyo inakutisha kuliko pesa ya kuongeza, umepata jibu mapema na bila gharama.

## Kulijaribu gari: njia na mpangilio

Usikubali mzunguko wa dakika tano kuzunguka yadi. Panga asubuhi, gari likiwa baridi.

1. Gusa boneti ukifika. Kama ina joto, waliiwasha mapema. Waambie utarudi kesho. Kuwashwa likiwa baridi ndiko kunakofichua moshi wa bluu na mlio wa mnyororo.
2. Unganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari kabla ya kuendesha na baada ya kurudi. Makosa yaliyofutwa asubuhi hurudi baada ya mwendo.
3. Anza na barabara mbovu. Zima redio, fungua kidogo kioo, upite kwenye mashimo kwa polepole. Bushi na shokamzoba zilizokwisha husema zenyewe.
4. Kisha elekea Isinya. Namanga Road inakupa mwendo wa kutosha kuona kama usukani unavuta upande. Mjini na kwenye vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na jioni ng'ombe na mbuzi wakirudishwa bomani hukatiza popote. Hapa hupimi mbio. Unapima breki, giaboksi na joto la injini.
5. Ukirudi, liache lingurume dakika kumi kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Tazama kipimo cha joto, kisha piga magoti uangalie chini kwa tochi. Tope jeusi lililokauka kwenye rejeta si tatizo, linaoshwa. Oili mbichi iliyokusanya vumbi kuzunguka sampu, au alama mpya za kukwaruzwa kwenye mabomba, ni mazungumzo mengine.
6. Hesabu kilomita kwa karatasi. Gari la Japani huja na cheti cha kuuzwa nje na mara nyingi karatasi ya mnada yenye alama ya hali yake. Alama ya R au RA ina maana lilitengenezwa baada ya ajali. Linganisha kilomita za karatasi, za dashibodi, na uchakavu wa kanyagio la breki na ngozi ya usukani.

Hata kama ni gari la rafiki yako wa kanisani, mlipe fundi wako alitazame. Asiyetaka fundi wako aguse gari lake anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

## Siku ya kubadilishana

Mnafanya mauzo mawili, hata kama ni mezani pamoja. Kwa hiyo karatasi ni seti mbili.

- Tafuta kumbukumbu za NTSA za gari unalochukua, kwa namba yake ya usajili, siku hiyohiyo. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kama yadi inauza gari la mtu, mwenyewe awepo au alete idhini ya wakili.
- Kagua sajili ya dhamana za mali zinazohamishika kupitia eCitizen, iliyowekwa kwa sheria ya 2017. Gari linaweza kuwa limewekwa dhamana kwa mkopo wa logbuku.
- Linganisha namba ya chasisi iliyochongwa kwenye gari, ya kwenye karatasi na ya kwenye mfumo. Tarakimu moja ikitofautiana, simamisha kila kitu.
- Andikeni mkataba mbele ya wakili, wenye bei ya kila gari peke yake, namba za chasisi, kilomita, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu: ajali au faini ya saa tisa alasiri iwe ya aliyekuwa na gari saa tisa.
- Lipa kupitia benki. M-Pesa inakubali hadi 250,000 kwa muamala mmoja, na pesa zinazozidi milioni moja hupita kwa RTGS. Chelewa saa mbili kuliko kubeba bahasha.
- Hamisheni umiliki wa magari yote mawili mkiwa mmekaa pamoja. Muuzaji huanzisha kwenye eCitizen, mnunuzi huthibitisha. Sheria ya trafiki inatoa siku 14 tu za kuendesha gari kabla mmiliki mpya hajasajiliwa.
- Usimpe mtu nenosiri lako la eCitizen eti "atamalizia baadaye".

Usichukulie kipengele cha umiliki kwa wepesi. Sheria hiyohiyo inamchukulia mtu ambaye jina lake limesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Impreza yako ikimgonga mtu Bissil ikiwa bado kwa jina lako, barua ya wakili itakuja kwako, na mzigo wa kuthibitisha ni wako.

## Maswali yanayofuata kila mara

Niagize mwenyewe au ninunue yadini? Ukiwa na subira na wakala unayemwamini, kuagiza hukupa gari lenye historia ya karatasi. Lakini huwezi kulijaribu barabarani, na lazima uwe na pesa ya kodi kabla meli haijafika, maana gari linalolala bandarini hutozwa. Lililoko nchini unaliendesha kwanza. Kwa anayebadilisha gari la spoti kwa mara ya kwanza, ninapendelea la kuendesha kwanza.

Nichukue mkopo? Mkopo wa benki kwa gari lenyewe unaweza kuvumilika kama mshahara unaubeba. Mkopo wa logbuku wa kuongezea gari la raha, hapana. Riba yake huenda mbio kuliko gari.

Nina watoto wawili. Viti vya nyuma vinatosha? Kwenye 86 na BRZ, vinatosha begi la shule na mtoto mdogo kwa safari fupi. Kwenye C200 na 420i mtu mzima anakaa, ila kuingia ni kwa kuinama. Nenda na watoto na viti vyao vya usalama, uwafunge, uone. Kumbuka pia milango ya gari la milango miwili ni mirefu. Pima nafasi ya maegesho yako ya kila siku.

Fundi wangu wa Subaru atalitengeneza? Muulize yeye, sio mimi: amewahi kufungua injini hiyo mara ngapi, na ana mashine ya kuisoma? Jibu likiwa "gari ni gari tu", tafuta mwingine kabla ya kununua.

## Makosa yanayogharimu zaidi

- Kujadili "pesa ya kuongeza" badala ya bei mbili.
- Kulipa amana isiyorudishwa kabla ya fundi kuliona gari.
- Kuagiza la 2018 mwaka 2026 kwa sababu bei ni tamu. Litakwamia kwenye sheria ya miaka 8.
- Kuondoka yadini bila bima mpya, ukitegemea ya gari la zamani.
- Kuliacha gari lako na funguo zote mbili kabla ya kulithibitisha lao.
- Kutumia kila shilingi kwenye ununuzi. Weka kando angalau asilimia 10 ya bei kwa miezi mitatu ya mwanzo. Gari lililotumika lina lake la kukuambia.

## Uamuzi

Kama unaishi kwenye lami au karibu nayo, safari yako kubwa ni Mombasa Road na barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo, Impreza yako imeshakuwa ya kusukumwa, na hesabu tatu zimekubali, badilisha na ufurahie. Kwa bajeti ya kati, 86 iliyotunzwa ndiyo chaguo langu, kwa sababu mafundi wanaoijua injini yake ni wengi kuliko wa hizo nyingine.

Kama njia ya kwako ni udongo mweusi mpaka getini, au kama Impreza yako ni ya kiwandani na ni nzima, iweke. Ipe mshipi mpya wa taimingi, rejeta safi na tairi nzuri. Itakugharimu sehemu ndogo tu ya ile pesa ya kuongeza, na nyingine kama hiyo hairuhusiwi tena kushuka Mombasa.

Na kama bado huna uhakika, fanya hili Jumamosi hii: beba karatasi, nenda yadi tatu, omba bei mbili zilizoandikwa katika kila moja. Ukirudi nyumbani na karatasi hizo tatu, hutahitaji kuniuliza tena.